Hela, Rupia na Kibati: Juu ya Istilahi za Sarafu za Kale

Utangulizi

Barua nyingi zinazofika katika ofisi ya istilahi huulizia majina ya vitu vipya. Ni nadra mtu kuuliza jina la kitu ambacho babu yake alikishika mkononi. Kwa hiyo tulifurahi, na tukaona haya kidogo, tulipopata barua ya mhifadhi wa makumbusho moja ndogo ya wilaya. Alieleza kwamba jamaa za mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge walimletea kikopo cha tumbaku chenye vitu saba vya madini. Aliviandika katika daftari la makumbusho, mstari mmoja kwa kila kitu, na katika mistari yote saba alitia maneno matatu yale yale: “Hela ya Kijerumani.” Mwishoni aliuliza: “Najua kuwa havifanani, lakini nitavitofautisha kwa maneno gani?”

Tulimwomba atueleze sura ya kila kimoja. Cha kwanza ni shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, pamoja na mwaka 1299 wa Hijria. Cha pili ni shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Cha tatu kina tundu katikati na herufi ndogo J. Cha nne na cha tano ni vya madini yasiyong’arishwa vizuri, vina taji, mwaka 1916 na herufi T. Cha sita ni fedha nzito yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Cha saba ni kisahani cha shaba njano chenye tundu karibu na ukingo na tarakimu 217, wala hakina neno, picha wala mwaka.

Kati ya vitu hivyo saba, vilivyostahili kuitwa hela ya Kijerumani ni vitatu tu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, na kupendekeza istilahi chache zitakazowafaa wahifadhi, walimu wa historia na watu wanaokusanya sarafu. Zaidi ya hayo, tunataka kuonyesha kwamba jina likikosewa katika daftari, kinachopotea si usahihi wa lugha peke yake, bali pia ushahidi wa maisha ya mtu.

Majina tuliyorithi

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya fedha, ila majina hayo yamehama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, hata asili zake zikasahaulika. Neno “fedha” lilikuwa, na lingali, jina la madini meupe. Leo tunalipwa karatasi nasi tunasema tumepokea fedha. “Rupia” na “pesa” tuliletewa na biashara ya Bara Hindi. “Thumuni” ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Kwanza lilikuwa sehemu ya nane ya reale, kisha likawa jina la senti hamsini, yaani nusu ya shilingi, na wengi waliolitumia hawakujiuliza sehemu ya nane imegeukaje kuwa nusu.

Katika orodha ya mhifadhi wetu, kitu cha kwanza ni pesa ya Zanzibar iliyotolewa na Sayyid Barghash bin Said. Mwaka 1299 wa Hijria unaangukia 1882. Kitu cha pili nacho ni pesa, lakini si ya Sultani. Ni ya Shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki, lililotoa pesa za shaba kati ya 1890 na 1892, pesa 64 kwa rupia moja. Maandishi yake ya Kiarabu yanataja shirika la Ujerumani, na neno lililotumika ni la mzizi ule ule uliotupa sisi “shirika”. Waliotengeneza sarafu hiyo walijua kwamba watu wa pwani wanasoma herufi za Kiarabu, na kwamba sarafu isiyosomeka haiaminiki.

Hela ilikuja baadaye. Serikali ya Ujerumani ilichukua mamlaka ya kutoa sarafu kutoka kwa lile shirika, na mwaka 1904 ikaacha hesabu ya pesa 64. Rupia moja sasa ikawa Heller 100. Jina hilo la Kijerumani lilitokana na mji wa Hall, ulioko kusini mwa Ujerumani, ambako senti ndogo za jina hilo zilipigwa chapa katika karne za kati. Ndimi za Waswahili zikaondoa konsonanti ya mwisho, neno likawa “hela”. Utawala wa Wajerumani ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza, rupia ikaondolewa, na shilingi ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini hela haikuondoka midomoni. Hata leo mtu wa Tanzania asiye na shilingi husema hana hela. Neno la sarafu ndogo kabisa limekuwa jina la fedha zote.

Hapo ndipo chanzo cha kosa la yule mhifadhi. Hakukosa kwa ujinga, bali alitumia lugha ya kila siku mahali panapodai istilahi. Katika mazungumzo, neno pana ni baraka. Katika daftari la makumbusho, ni kapu lisilo na kitako.

Sarafu na kibati

Tuanze na tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Sarafu ni kipande cha madini kilichotolewa na mamlaka ya nchi, au kwa idhini yake, ambacho kila mtu katika nchi hiyo anatakiwa kukipokea kwa thamani iliyotajwa. Kwa maana hiyo hata pesa ya shirika la Kijerumani ni sarafu, kwa sababu shirika hilo lilikuwa na madaraka ya utawala. Ndivyo ilivyo pia kwa rupia iliyopigwa chapa mwaka 1888 kwa ajili ya Mombasa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni ilikuwa ya wafanya biashara, lakini ilipewa hati ya kutawala.

Viko vipande vingine vya madini vilivyofanana na sarafu lakini havikuwa sarafu. Hivi vilitolewa na mwenye shamba, mwenye duka au mwenye kiwanda kwa watu wake mwenyewe. Thamani yake ilikomea penye mpaka wa shamba. Katika nchi nyingi zilizotawaliwa, vipande vya namna hii vilitumika pale ambapo sarafu ndogo zilikuwa adimu, au pale ambapo mwajiri alitaka ujira urudi katika duka lake. Kwa kuwa makoloni mengi yaliishi kwa mashamba, ndivyo vinavyokusanywa leo kwa hamu kubwa na kuandikiwa vitabu vya orodha.

Tuviiteje? Mapendekezo manne yamepata kutajwa.

La kwanza ni “tokeni”. Neno hili limeshaingia, lakini limekwisha kazi nyingine. Mnunuzi wa umeme wa malipo ya kabla analijua kuwa ni tarakimu ishirini anazozibonyeza katika mita. Tukiandika “tokeni ya shamba, 1910”, msomaji kijana ataona ajabu.

La pili ni “kipande”. Neno hili ni zito mno kwa historia yake. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa hati ya kuandikishwa ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba, mara nyingi katika kikasha cha chuma kilichoning’inia shingoni. Katika mashamba ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku za kazi, siku 30 kwa kadi moja. Kabla ya hapo, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, Wajerumani walianzisha kadi za kazi za lazima mnamo 1907. Vyote hivyo vilikuwa maandishi. Kumwongezea kipande maana ya tatu ni kuvuruga kumbukumbu ambazo wazee wetu walizilipia.

La tatu ni “cheti”. Hili nalo ni la karatasi.

La nne, ambalo tunalipendekeza, ni “kibati”. Ni neno fupi, la ngeli inayofahamika, lenye wingi ulio wazi: kibati, vibati. Litapingwa kwa hoja mbili. Kwanza, kwamba vipande vingi vya aina hii si vya bati bali ni vya shaba njano, zinki au alumini. Hoja hii imejibiwa na neno “fedha” lenyewe: jina la madini huweza kuwa jina la kazi. Pili, kwamba Pemba kuna ngoma iitwayo kibati. Ni kweli, lakini mtu anayesoma juu ya ngoma hatafikiri juu ya ujira wa shamba, wala anayesoma juu ya ujira hataanza kucheza. Muktadha utawatenga.

Hata hivyo neno moja halitoshi, kwa sababu vibati havikuwa na kazi moja. Tunashauri zitenganishwe tatu. “Kibati cha ujira” ni kile chenye thamani iliyoandikwa, ambacho mfanyakazi alipewa badala ya fedha. “Kibati cha hesabu” ni kile anachopewa mchumaji kwa kila debe la kahawa au kila mzigo alioufikisha, ili jioni au mwisho wa juma vihesabiwe na kubadilishwa. “Kibati cha namba” ni kile kinachomtambulisha mtu mwenyewe katika daftari la mwajiri, nacho hakina thamani yoyote.

Sasa turudi kwa kitu cha saba, kisahani chenye tarakimu 217. Hakitaji fedha, kwa hiyo si kibati cha ujira. Tarakimu yake ni kubwa mno kuhesabu madebe ya siku moja. Tundu liko ukingoni, mahali pa kupitishia uzi. Kwa dalili hizo tulimshauri mhifadhi aandike: “Kibati cha namba, shaba njano, 217.” Katika daftari la shamba, mtu aliyekivaa hakuwa na jina. Aliitwa 217. Kukiita kibati hicho hela ni kusema kwamba mzee alilipwa, hali ukweli ni kwamba alihesabiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watoto wake wana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo lililoning’inia katika uzi wa baba yao.

Tofauti ya sarafu na kibati cha ujira nayo si ya kitaaluma tu. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni la Wajerumani mwaka 1898, nayo bomani ilihesabiwa kwa rupia. Mtu mwenye mfuko wa vibati alikuwa na chumvi na kitambaa katika duka la mwajiri, lakini mbele ya mtoza kodi alikuwa maskini. Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1831 ilikwisha kukataza waajiri wa kazi nyingi kulipa ujira kwa bidhaa au kwa kitu kingine kisicho sarafu ya nchi. Baadaye Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949, lilikataza ujira kulipwa kwa hati za ahadi, vocha au kuponi zinazodaiwa kusimama badala ya fedha halali. Mataifa yasingehangaika kuandika hayo kama jambo lenyewe lingekuwa dogo.

Aina, namna na kasoro

Mhifadhi wetu aliuliza pia kuhusu kitu cha nne na cha tano. Vyote viwili vina mwaka 1916 na herufi T, lakini taji la kimoja ni kubwa kuliko la kingine. Je, ni sarafu mbili au moja?

Kwanza historia yake. Wakati wa vita, manowari za Uingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka viwanda vya Berlin na Hamburg hazikuweza kufika. Serikali ya Kijerumani ilihamia Tabora, na humo mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitengenezwa hela 5 na hela 20 kwa shaba iliyookotezwa, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke zilitengenezwa pia rupia 15 zenye picha ya tembo. Herufi T ni ya Tabora. Kazi hiyo ilikoma upesi, kwa maana majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini humo tarehe 19 Septemba, 1916. Sarafu za jinsi hii tunapendekeza ziitwe “sarafu za dharura”. Si vibati, kwa sababu zilitolewa na serikali na kupokewa nchini kote.

Kwa kuwa vifaa vilikuwa duni na mihuri iliharibika mara kwa mara, ilibidi mihuri mingine ichongwe, na mchongaji hawezi kurudia mkono wake bila kupotoka. Ndiyo maana hela 20 za Tabora zina taji kubwa au taji dogo. Ncha za herufi L katika neno HELLER, pengine zimechongoka, pengine zimejikunja. Hata madini yenyewe yalibadilika, nyingine zikawa za shaba nyekundu na nyingine za shaba njano. Rupia 15 nayo ina mbili: katika moja, pambo la upande wa kulia linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine linaishia chini ya herufi A ya kwanza. Rupia hizo zote kwa jumla zilikuwa 16,198.

Katika mazungumzo “aina” na “namna” hubadilishana nafasi bila madhara. Sisi tunapendekeza yatenganishwe katika elimu ya sarafu. “Aina” iwe ni mfano uliokusudiwa na mtoaji: thamani fulani, picha fulani, maandishi fulani. Hela 20 za Tabora ni aina moja. “Namna” iwe ni tofauti ndogo ndani ya aina, inayotokana na muhuri au madini, na inayoonekana katika sarafu nyingi. Taji kubwa ni namna, taji dogo ni namna. Neno la tatu ni “kasoro”, yaani dosari iliyoipata sarafu moja moja wakati wa kupigwa chapa, kama vile picha kwenda upande. Kwa ufupi: aina hubuniwa, namna hutokea, kasoro huponyoka.

Kitu cha sita kitathibitisha faida ya mgawanyo huu. Ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Reale hiyo ilipendwa sana na wafanya biashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu, hata ikaendelea kupigwa chapa kwa zaidi ya karne moja na nusu baada ya kifo chake, Vienna na baadaye Roma, London na Bombay pia. Zote zimeandikwa 1780. Mwaka haumsaidii mtu kujua umri wa sarafu hiyo. Kinachomsaidia ni namna: idadi ya lulu katika kishikizo cha vazi la malkia, na mpangilio wa manyoya katika mkia wa tai. Asiye na neno la kutaja tofauti hizo hataziangalia, na asiyeziangalia ataandika kwamba reale ya mwaka 1936 ina zaidi ya miaka mia mbili.

Sehemu za sarafu

Ili maelezo ya wahifadhi yafanane, tunapendekeza pia majina haya. Upande wenye kichwa cha mtawala au nembo ya dola uitwe “uso”, na upande wa pili “mgongo”. Mduara wa nje uitwe “ukingo”. Kifaa cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, ambacho hugongwa juu ya madini, kiitwe “muhuri”. Tusikichanganye na “kalibu”, ambayo ni ya kumiminia madini yaliyoyeyuka. Madini yaliyokatwa tayari lakini hayajapigwa chapa yaitwe “kiduara”. Herufi ndogo inayoonyesha mahali sarafu ilipotengenezwa iitwe “alama ya kiwanda”: katika sarafu za Kijerumani, A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg, na T, kama tulivyoeleza, ni ya Tabora.

Kwa maneno haya machache, kitu cha tatu sasa kinaweza kuandikwa hivi: “Sarafu, hela 10, tundu katikati, alama ya kiwanda J.” Na cha nne: “Sarafu ya dharura, hela 20, mwaka 1916, shaba nyekundu, alama ya kiwanda T, namna ya taji kubwa.” Mtu aliye mbali akisoma mstari huo ataiona sarafu bila kuishika.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama nchi yenye mahitaji mengi ina haja ya kupoteza wino kwa vipande vya shaba. Tunamjibu kwa jambo analolijua. Wako watu wanaochimba misingi ya maboma ya kale wakitafuta “rupia za Wajerumani”, na wako matapeli wanaoishi kwa ndoto hizo. Hapo hapo, mjane anaweza kumpelekea sonara rupia 15 ya Tabora, naye akaipima kwa mizani, gramu saba na kidogo, robo tatu yake dhahabu, akalipa bei ya mkufu uliokatika, kisha akaiyeyusha. Wote hawa wameponzwa na kitu kimoja: hawana maneno ya kukitofautisha kitu cha thamani na kisicho na thamani, wala thamani ya soko na thamani ya historia.

Istilahi hizi si amri. Neno huishi kwa kutumiwa, wala baraza haliwezi kulipulizia pumzi. Tunawaomba wasomaji, hasa waliokulia katika mashamba ya mkonge, chai na kahawa, watuandikie majina waliyoyasikia kwa wazazi wao. Ikiwa vibati vilikuwa na jina lake huko, basi jina hilo lina haki zaidi kuliko lile tulilobuni mezani, nasi tutalipisha kwa furaha.

Mhifadhi ametuandikia tena. Daftari limesahihishwa, mistari saba yenye maneno saba tofauti. Kisahani chenye tarakimu 217 amekiweka peke yake, na chini ya tarakimu hiyo ameandika jina la yule mzee, kama lilivyotajwa na jamaa zake.